Nyumba za lulu Muharraq: Utajiri uliosimama juu ya boriti za Rufiji na deni la mpiga mbizi

Gunia la viazi linaposhushwa kwenye lori katika soko la Soweto jijini Mbeya, huenda limeacha kuwa mali ya mkulima siku nyingi zilizopita. Wapo wanaoliuza likiwa bado ardhini. Ada ya shule imefika, mbolea haijanunuliwa au mgonjwa yuko hospitali. Mfanyabiashara anatoa fedha taslimu, na makubaliano yanakuwa ya mdomo kwamba mavuno yakitoka watalipana kwa magunia. Wakulima wa mpunga wa Kyela na Mbarali, pamoja na wale wa ndizi wa Rungwe, wanaujua vizuri utaratibu huo.

Mfanyabiashara naye mara nyingi hana mtaji wake mwenyewe. Amekopa kwa tajiri wa Dar es Salaam au kwa mwenye lori. Hivyo mkulima anadaiwa na mnunuzi, mnunuzi anadaiwa na tajiri, na bei ikianguka kila mmoja hujaribu kumbebesha hasara aliye chini yake.

Mnyororo wa namna hiyo uliwahi kuendesha uchumi wa nchi nzima, na ushahidi wake umehifadhiwa hadi leo. Uko zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Mbeya, katika kisiwa cha Muharraq nchini Bahrain, ambako koo chache za wafanyabiashara ziliendesha uvuvi wa lulu kwa fedha za kukopeshana. Nyumba zao, maduka yao, maghala yao na msikiti wao mmoja vimekarabatiwa na kuachwa vilivyo, na mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Urithi huo unajumuisha majengo 17 yaliyomo katikati ya mitaa ya mji, sehemu ya ufukwe, ngome ya Bu Mahir na maeneo matatu ya baharini walikovuliwa chaza wanaotoa lulu. Mgeni huanzia ufukweni mashua zilikoondokea na kuishia kwenye nyumba za matajiri waliouza lulu nje. Katika mwendo wa takriban kilomita tatu na nusu anaona biashara nzima, kutoka kwa aliyezama hadi kwa aliyehesabu faida.

Paa kutoka Rufiji na Lamu

Kwa Mtanzania, jambo la kwanza la kutazama katika nyumba hizo ni dari. Bahrain ni nchi ya jangwa isiyo na miti ya kujengea. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyotolewa baharini na kushikizwa kwa jasi, lakini paa lilihitaji mbao imara. Mbao hizo zilikuwa boriti za mikoko kutoka pwani ya Afrika Mashariki, hasa Lamu na delta ya Mto Rufiji.

Majahazi ya Ghuba yalikuja kwa upepo wa kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu, na kurudi kwa upepo wa kusi yakiwa yamesheheni boriti. Msafiri wa Australia, Alan Villiers, alisafiri na jahazi moja la Kuwait katika msimu wa mwaka 1938 na 1939, akafika nalo Zanzibar na kisha delta ya Rufiji, ambako mabaharia walipakia boriti kwa ajili ya soko la kwao.

Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Kwa kuwa boriti nyingi hazikutosha kuvuka zaidi ya mita tatu au nne, vyumba vya Muharraq, kama vile vya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, vilikuwa virefu lakini vyembamba. Hata tajiri mwenye lulu za kujaza kikapu hakuweza kununua chumba kipana kuliko mkoko wa Rufiji ulivyoruhusu. Biashara hiyo ilififia baada ya saruji na chuma kuenea, na mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi.

Mabaharia waliobeba boriti wakati wa kaskazi na kusi mara nyingi ndio waliokwenda kuvua lulu wakati wa kiangazi cha Ghuba. Kazi zilibadilika kwa majira. Deni halikubadilika.

Miezi minne baharini

Msimu mkubwa wa lulu ulianza karibu na Juni na kumalizika mwishoni mwa Septemba, wakati maji yana joto la kuvumilika. Kwa mujibu wa takwimu zilizokusanywa mwanzoni mwa karne ya 20 na ofisa wa Kiingereza, J. G. Lorimer, Bahrain peke yake ilikuwa na mashua 917 za kazi hiyo na watu 17,633 waliofanya kazi ndani yake. Kwa kisiwa kidogo, maana yake ni kwamba karibu kila nyumba ilikuwa na mtu baharini.

Kazi ilifanywa na watu wawili wawili. Mpiga mbizi alivaa kibanio cha pua, akaweka mguu kwenye jiwe lililofungwa kamba, akazama nalo hadi chini, mara nyingi zaidi ya mita 10. Alikuwa na kikapu shingoni na pumzi ya kama dakika moja. Juu ya mashua, mvutaji alishika kamba yake na kusubiri atikise ili amvute. Mtu huyo mmoja alizama makumi ya mara kwa siku. Mchana hakula chakula kizito, kwa kuwa tumbo likijaa pumzi hupungua. Aliishi kwa tende chache na kahawa hadi jioni.

Chaza wote walirundikwa pamoja na kufunguliwa asubuhi iliyofuata mbele ya nahodha. Hakuna aliyejua ni chaza wa nani aliyekuwa na lulu. Mapato ya mashua yalitolewa kwanza gharama za chakula na sehemu ya chombo, kisha yakagawanywa kwa mafungu. Kwa utaratibu uliozoeleka mpiga mbizi alipata mafungu matatu na mvutaji mawili.

Kwa maandishi, huo ni ushirika mzuri. Mtu akisikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba aliyezama alifaidi kuliko wote. Tatizo lilikuwa kwamba fungu lake lilikuwa limekwisha kuliwa kabla hajaingia majini.

Deni lilivyofanya kazi

Nahodha alipokea fedha kutoka kwa tajiri wa mjini ili kuandaa mashua. Kutoka katika fedha hizo aliwapa watu wake malipo ya awali kabla ya kuondoka, yaliyoitwa salafu, ili waache chakula nyumbani. Msimu ulipokwisha aliwapa malipo mengine yaliyoitwa tiskamu, ya kuwavusha miezi ya baridi isiyo na kazi. Yote mawili yaliandikwa kama deni.

Dini ya Kiislamu inakataza riba, na kwa jina riba haikutozwa. Ilipatikana kwa njia mbili nyingine. Ya kwanza, sehemu ya mkopo ilitolewa kwa mchele, tende na nguo vilivyohesabiwa kwa bei ya juu kuliko ya sokoni. Ya pili, nahodha aliyekuwa na deni la tajiri alilazimika kumuuzia tajiri huyohuyo lulu, na mwenye deni hana nafasi ya kubishana kuhusu bei. Lulu ilipitishwa kwenye chekeche za shaba zenye matundu ya ukubwa tofauti, ikapimwa kwa mizani ndogo, ikaangaliwa rangi na umbo, na bei ikatajwa. Chekeche, mizani na jicho la kupanga madaraja vyote vilikuwa vya mnunuzi.

Wakulima wa tumbaku wa Chunya watauelewa utaratibu huo bila kufafanuliwa. Pembejeo hutolewa kwa mkopo mwanzoni mwa msimu, deni hukatwa wakati wa mauzo, na tofauti ya daraja moja la jani inaweza kuamua kama mkulima atarudi nyumbani na fedha au na deni la mwaka ujao.

Wapo pia walanguzi waliozunguka na mashua katikati ya bahari wakitafuta lulu kwa manahodha kabla hazijafika mjini. Nahodha aliyebanwa na njaa ya fedha aliwauzia hukohuko, mbali na soko na mbali na bei nyingine yoyote ya kulinganisha. Kazi yao haitofautiani na ya dalali anayefika shambani na fedha mkononi.

Mpiga mbizi asiyejua kusoma hakujua daftari la nahodha limeandika nini. Msimu mbaya uliongeza deni, msimu mzuri ulilipunguza kidogo. Mwenye deni hakuruhusiwa kuhamia mashua nyingine mpaka nahodha mpya amlipie. Alipokufa, deni lilifuata nyumba yake, na mtoto wa kiume akaingia majini kumlipia baba.

Baadhi ya waliozama hawakuwa na fungu kabisa. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 watumwa waliochukuliwa Afrika Mashariki walipelekwa Ghuba kufanya kazi katika mashamba ya tende na katika uvuvi wa lulu, na mapato yao yalikwenda kwa mabwana zao. Utumwa ulipigwa marufuku Bahrain mwaka 1937. Ngoma ya liwa inayochezwa hadi leo katika nchi za Ghuba ni kumbukumbu ya watu hao. Boriti za Afrika Mashariki zilibeba mapaa ya Muharraq, na watu wa Afrika Mashariki walibeba sehemu ya kazi iliyolipia nyumba hizo.

Daftari lilipoletwa

Katika miaka ya 1920 utawala wa Bahrain, ukisukumwa na Waingereza, ulianza kurekebisha biashara hiyo. Hatua muhimu kuliko zote ilikuwa ndogo: kila mpiga mbizi apewe kitabu chake mwenyewe cha hesabu, chenye kile alichokopa, alichopata na anachodaiwa. Malipo ya awali yaliwekewa kikomo, na watoto hawakulazimishwa tena kuzamia kwa ajili ya deni la baba aliyefariki.

Wengi wa matajiri na manahodha walipinga. Walidai kwamba biashara imeendeshwa kwa uaminifu miaka yote na kwamba kitabu kingeleta fitina. Upinzani wao ulikuwa na sababu ya wazi: daftari moja lilikuwa likisomwa na upande mmoja, na sasa yangekuwa mawili.

Hata hivyo, kisa hicho hakikuishia kwa wapiga mbizi kushangilia. Mwaka 1932, baada ya bei ya lulu kuporomoka na malipo ya awali kupunguzwa, walikuwa ni wapiga mbizi wenyewe walioandamana kwa hasira, na baadhi yao waliuawa katika ghasia hizo. Walikuwa na hoja. Mkopo uliowafunga ndio uliolisha watoto wao wakati wa baridi, na hapakuwa na benki, chama wala ghala la kuwapa chakula badala yake.

Hapo ndipo penye jambo gumu ambalo mikutano mingi ya kuhamasisha wakulima hulikwepa. Kumwambia mtu asichukue fedha za dalali ni rahisi. Bila kumwonyesha mahali pengine pa kupata ada ya shule mwezi Januari, maneno hayo hayamsaidii.

Lulu ya kufuga na mafuta

Matajiri nao hawakusalimika. Mjapani Mikimoto Kokichi alifanikiwa mwaka 1893 kumfanya chaza atengeneze lulu nusu kwa kumtia kitu ndani ya ganda, na katika miongo iliyofuata lulu za duara zilizofugwa zikaanza kujaa katika soko la dunia. Mwaka 1929 ukaja mdororo wa uchumi. Wanunuzi wa Paris, London na New York, ambao awali walikimbilia Ghuba, wakatoweka. Miaka 17 tu kabla ya hapo, mwaka 1912, sonara maarufu wa Ufaransa, Jacques Cartier, alikuwa amefunga safari mwenyewe hadi Bahrain kutafuta lulu kwa wafanyabiashara wake.

Tajiri wa Muharraq akabaki na mali ya aina mbili. Ya kwanza ilikuwa lulu zisizo na mnunuzi. Ya pili ilikuwa madaftari yaliyojaa madeni ya watu wasio na kitu cha kulipa. Kwenye karatasi alikuwa tajiri bado, lakini nyumba ilianza kukosa fedha za kupaka jasi.

Mwaka huohuo wa 1932 mafuta yaligunduliwa Bahrain. Kampuni ya mafuta ililipa mshahara kila mwezi, bila kuzama na bila kudaiwa, na vijana wakaziacha mashua. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wa lulu kama biashara kubwa ulikuwa umekwisha.

Nyumba zilivyonusurika

Familia nyingi zilihamia mitaa mipya yenye barabara pana. Nyumba za zamani zikapangishwa vyumba vyumba, zikaachwa wazi au zikabomolewa. Bahari yenyewe ilisogezwa mbali kwa kufukia ufukwe ili kupata viwanja. Ndiyo maana kipande kidogo cha pwani kilichobaki kandokando ya ngome ya Bu Mahir kimehifadhiwa pamoja na majengo.

Adui mkubwa wa nyumba ya matumbawe ni unyevu na chumvi. Ukuta wake unahitaji kupumua. Anayeuziba kwa saruji hufikiri anauimarisha, kumbe anafungia maji ndani, chumvi inatuna na jiwe linamomonyoka. Boriti nazo huoza mahali zinapoingia ukutani, ambako jicho halioni. Zanzibar ilipata somo chungu kuhusu majengo ya namna hiyo Desemba 2020, wakati sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib lililoko Mji Mkongwe ilipoporomoka.

Kilichofanya kazi ya Muharraq iwe tofauti ni uamuzi wa nini kihifadhiwe. Nchi nyingi huhifadhi jumba la tajiri na kusahau banda la mfanyakazi. Hapa yamo majengo ya ukoo wa Siyadi, waliokuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa lulu: nyumba, baraza la kupokelea wageni, maduka na msikiti uliojengwa mwaka 1865. Yamo maghala ya ukoo wa Fakhro sokoni. Lakini imo pia nyumba ya nahodha, na zimo nyumba za kawaida za watu waliotegemea kazi ya baharini, zenye vyumba vichache na ua mdogo.

Anayetembea kutoka moja hadi nyingine hahitaji kusomewa hotuba kuhusu mgawanyo wa mapato. Anaona kwa macho pale jasi inapochongwa maua na pale ukuta unapobaki mtupu.

Kazi hiyo, iliyounganisha serikali, wamiliki na fedha za taasisi binafsi, ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2019. Mwaka 2024 baraza la ukoo wa Siyadi lilifunguliwa kama makumbusho ya lulu. Bahrain imeendelea pia kulinda jina la bidhaa yake: inakataza biashara ya lulu za kufugwa, na mwaka 2017 ilianzisha taasisi ya kupima na kuthibitisha lulu na vito, ili mnunuzi ajue anachonunua. Wafanyabiashara wa mchele wa Kyela, ambao jina lake hutumika sokoni hata kwenye gunia lililochanganywa na mchele wa kwingine, wanaweza kuona thamani ya ulinzi kama huo.

Hesabu ya gunia la Soweto

Nyanda za Juu Kusini nazo zimeanza kuthamini majengo yake ya kale. Boma la Iringa, jengo la enzi za Wajerumani, lilifunguliwa kama makumbusho mwaka 2016, na sasa historia ya mkoa inaonekana ndani yake. Lakini somo kubwa la Muharraq kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo liko kwenye daftari, na linaanza na hesabu rahisi.

Kwa mfano, mkulima anachukua Sh200,000 kwa ahadi ya kutoa magunia matano ya viazi baada ya miezi mitatu. Maana yake ameuza gunia kwa Sh40,000. Siku ya kuvuna bei ni Sh60,000, kwa hiyo magunia yale yana thamani ya Sh300,000. Ametoa Sh100,000 za ziada kwa kutumia Sh200,000 kwa miezi mitatu. Hiyo ni asilimia 50, ingawa hakuna aliyetamka neno riba. Mkopo wa kiasi hichohicho kwa riba ya asilimia mbili kwa mwezi ungemgharimu Sh12,000.

Kama magunia hayo yatajazwa kwa mtindo wa lumbesa uliokatazwa kisheria, hasara inaongezeka bila kuonekana popote. Ndiyo ile chekeche ya mnunuzi wa lulu, ila imeshonwa kwa katani.

Bei inaweza pia kuanguka hadi Sh30,000. Hapo mkulima atakuwa amenufaika na mfanyabiashara ndiye atakayelia, hasa kama naye anadaiwa. Kwa sababu hiyo makubaliano yaliyoandikwa yanawalinda wote wawili.

Yapo mambo ambayo mkulima na mnunuzi wanaweza kuyafanya msimu huu bila kusubiri mradi wowote.

Kwanza, waandike. Kiasi kilichotolewa, tarehe, zao, uzito kwa kilo badala ya idadi ya magunia, na siku ya kulipana. Nakala ziwe mbili zenye saini za pande zote na shahidi kutoka serikali ya kijiji au chama cha msingi. Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wapiga mbizi wa Muharraq waliyathibitisha maneno hayo kwa vizazi kadhaa.

Pili, nakala moja isikae dukani. Moto ulioteketeza soko la Mwanjelwa mwaka 2006 na ule wa soko la SIDO mwaka 2017 uliunguza bidhaa, na mwenye daftari moja lililokuwa kibandani alipoteza pamoja na bidhaa hizo kumbukumbu za wanaomdai na anaowadai.

Tatu, wapatane njia ya kupanga bei badala ya bei yenyewe. Inawezekana kuandika kwamba mkopo utalipwa kwa kilo zinazolingana na bei ya sokoni ya siku ya kuvuna, pamoja na faida ya mkopeshaji iliyotajwa wazi. Mkopeshaji anapata haki yake na mkulima anajua anachotoa.

Nne, mazao yanayokubali kuhifadhiwa yasiuzwe kwa presha. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 ilimwezesha mkulima kuweka mazao katika ghala lenye leseni, akapewa stakabadhi na kuitumia kama dhamana ya mkopo wakati akisubiri bei. Viazi na ndizi haviwezi kusubiri hivyo, lakini mpunga, mahindi na kahawa vinaweza.

Tano, waweke akiba ya mwezi mgumu kabla haujafika. Kikundi cha kuweka na kukopa kinachokusanya kidogo kidogo wakati wa mavuno kinaweza kuwa tiskamu ya wanachama wenyewe, ya kuwavusha hadi msimu mwingine bila kumwita dalali shambani.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalomwondoa mfanyabiashara. Soweto haiwezi kuendeshwa bila watu wenye mtaji na ujasiri wa kununua, kama Bahrain isivyoweza kuwa na mashua 917 bila matajiri wa kuziandaa. Kilichowaponza watu wa Muharraq ni kwamba hesabu ilisomwa na upande mmoja tu, mpaka bei ilipoanguka na kuwaangusha wote.

Mkulima anayehesabiwa noti shambani leo, viazi vikiwa bado na maua, anaweza kuanza na swali moja kabla ya kuzipokea: hizi zitaandikwa wapi, na nakala yangu iko wapi?